Mwizi wa Hewa

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: kuna gari kuukuu la kijivu linazunguka mitaani, na likifika karibu na shule linajifanya limezimika. Dereva anashuka, anafungua boneti, anajikuna kichwa, kisha anawaita watoto, "Njooni wanangu, nisukumieni." Watoto wanasukuma huku wanacheka. Gari likiwaka na kuondoka, watoto wakihesabiwa, mmoja hayupo.

Mama Spana aliupata uvumi huo kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwa mwanamke ambaye naye aliupata kwa shemeji yake, na huyo shemeji hakusema aliupata wapi. Ukamwingia kama maji kwenye kiatu, kila hatua akausikia. Akiosha vyombo, umo. Akijifunika shuka, umo. Mtoto mdogo wa kuibiwa hakuwa naye. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka ishirini na sita, mwenye mabega ya kubeba gia boksi. Lakini hofu ya mama haiulizi umri.

Siku ya tatu akaliona. Kwenye kona ya shule ya chekechea, gari la kijivu lilifunga breki kumpisha mtu wa baiskeli, likatetemeka kama mgonjwa wa homa, likazima. Mama Spana hakungoja kumwona dereva. Aliona tu mlango wa kushoto una mkwaruzo mrefu, umekunjika kama herufi Z, akashika njia na kikapu chake.

Jioni akausimulia uvumi dukani. Na kwa kuwa habari isiyo na alama haiaminiki, akaitia alama.

"Lina mkwaruzo mlango wa kushoto," alisema. "Kama Z. Nimeliona kwa macho haya."

Hakusema kwamba alichokiona ni gari limezima kwenye kona, basi. Mwenye duka aliacha kupima sukari. Bucha, muuza nyama wa mtaa, mtu mwenye mikono kama mapaja ya wenzake, akapiga meza.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja," alisema. "Na likija hapa, halitoki."

Mama Spana akarudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Hakujua ndoo ile ameitua kwenye kichwa cha nani.

Sasa huyo binti yake. Jina lake la utani lilikuwa Spana, na hata mama yake alishalizoea. Alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uwanja tu, udongo mweusi kwa oili, bati moja la kivuli, meza yenye jiriwa la kubania vyuma, na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Ng'ambo ya ukuta ni barabara, hatua hamsini hadi dukani. Kila adhuhuri mama yake alimpelekea chakula. Si kwamba Spana alishindwa kununua. Ni kwamba jeki huanguka, rejeta huchemka, na mama hukaa nyumbani akiwaza.

"Mama, umeleta chakula au umekuja kunikagua?"

"Vyote viwili. Nawa mikono."

Shingoni Spana alikuwa na kovu la moto, limejikunja hadi sikioni. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa na mtindo wa kumwagia petroli injini inayonguruma ili atafute tundu. Siku moja cheche ikaruka. Tangu hapo mama yake hakuamini kitu chochote chenye boneti.

Siku yenyewe, mama alikuwa ameketi juu ya kreti, sufuria mapajani, gari lilipoingia likikohoa. Aliyeshuka ni mzee mwembamba, kioo cha jicho kimening'inia shingoni kwa uzi, vidole vyembamba kama sindano. Alikuwa mtengeneza saa wa mtaa wa pili, na watu walimwita Mzee wa Saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Spana? Nilidhani ni mwanamume."

"Gari halijali, mzee wangu. Linaumwa nini?"

"Likiwa baridi ni malaika, likipata moto ni shetani. Barabarani linakwenda vizuri. Nikisimama tu, iwe kwenye kona au makutano, linatetemeka na kufa. Mafundi wanne wamelishika. Mmoja kabadili plagi, mmoja kaosha kabureta, mmoja kabadili chujio la mafuta, wa nne kaniambia nilitupe."

"Huyo wa nne angalau ni mkweli."

Mzee akacheka mpaka kile kioo kikaruka kifuani.

"Niambie," Spana akasema, "likizima, linakatika ghafla kama taa, au linakohoa kwanza?"

"Linakohoa. Linahema. Kisha linakata roho."

"Basi si umeme. Umeme hauagi. Kinachoaga ni mafuta au hewa." Akalizunguka gari, akashika boneti, akakuta haina chuma cha kuishikilia. Mzee akatoa mpini wa jembe nyuma ya kiti, akautegesha.

"Mzee! Hii ni boneti au banda la kuku?"

"Chuma kilivunjika zamani. Na huo ufunguo usikushangaze, umelika. Ukiuchomoa injini inawaka vilevile, gari halina habari."

"Haya. Na huu mchoro mlangoni?"

"Huo ni sahihi ya mke wangu," mzee alisema taratibu. "Alikuwa anajifunza kuendesha, akapita na nguzo ya geti. Akasema nguzo ndiyo iliyomfuata. Sasa ni mwaka wa tano tangu atutoke. Sijataka kuupaka rangi."

Kijiko cha Mama Spana kilisimama hewani. Z ile pale, mita mbili kutoka magotini mwake, imeelekea barabarani.

"Baba," alimuuliza mzee, "huwa unapita kona ya chekechea?"

"Kila siku. Hapo ndipo linaponiaibisha zaidi. Watoto wananicheka, kisha wananisukumia. Watoto wazuri sana wale."

Hapo ndipo angesimama. Hatua hamsini hadi dukani, maneno tisa tu: jamani, nilikosea, gari ni la mzee wa watu, limeharibika. Lakini aibu ni mlango mzito, na mwenye kuufungua huanza kwa kutafuta kisingizio. Nitaosha vyombo kwanza, alijiambia. Nitawaambia jioni.

Spana akawasha injini, akaiacha ipate moto. Ilipoanza kutetemeka, akashika waya za plagi kwa koleo lenye mpini wa mpira, akazichomoa moja moja na kuzirudisha.

"Nikimnyamazisha mfanyakazi, kazi lazima ilegee," alimweleza mzee. "Isipolegea, huyo ndiye mvivu."

Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu na ya nne, vilevile.

"Wote wanachapa kazi. Hapa kuna mwizi."

"Mwizi?" mama yake akashtuka.

"Mwizi wa hewa, mama. Injini ina mlango wake wa kuvutia hewa, pale hewa inapopimwa pamoja na mafuta. Kukiwa na tundu pembeni, inaingia hewa ambayo haikupimwa. Gari likiwa mbioni halijali, ni kama kuchota kikombe mtoni. Likisimama, kile kikombe ndicho mto wote."

Alipaka maji ya sabuni kwenye shina la kabureta, aone kama kuna tundu litakaloyanyonya. Injini haikubadili sauti. Akachukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha polepole kama daktari anayepima kifua. Alipofika kwenye bomba nene la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye breki, akanyanyua kidole.

"Mzee, ingia ndani. Kanyaga breki."

Mzee akakanyaga. Injini ikahema, ikataka kufa.

"Achia!"

Ikapona.

"Kanyaga! Achia! Ahaa. Si kona inayokuzimia gari, mzee, ni breki yako! Mpira umepasuka upande wa chini, usikoonekana. Ukikanyaga, ufa unafunua mdomo. Mama, njoo uone. Nikimbana mwizi hivi kwa koleo, mzee akanyage hata kwa miguu miwili, halizimi. Nikimwachia, linakufa. Umeona?"

Mama aliinama, akaona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alielewa kitu ndani ya boneti, akatabasamu.

Spana akafunga kwenye mpira koleo la kujishika, lisiloachia mpaka lifyatuliwe. Injini ikatulia, lakini gari kuukuu ni gari kuukuu, kelele yake ilijaza uwanja. Ili mzee amsikie kule kwenye usukani, akapaza sauti, na furaha ikaiongeza:

"Mwizi! Nimemkamata mwizi! Nimemkaba! Kanyaga, mzee, kanyaga! Leo haponi!"

Ng'ambo ya ukuta, Bucha alikuwa anapita na aproni yake yenye damu. Alisikia "mwizi". Akageuka. Aliona gari la kijivu, akaona Z, akaona mzee asiyemjua ameshika usukani, injini inanguruma, na binti wa watu ameinama mbele ya gari akipiga kelele.

"Ni lile!" akanguruma. "Lile la watoto! Mwizi!"

Neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili barabarani. Watu waliruka ukuta kana kwamba haupo. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. Mwendesha pikipiki mmoja akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, "Asitoroke!", akautupa mbali. Injini haikujua, ikaendelea kunguruma. Mwingine alitafuta silaha, akaona mpini wa jembe umesimama pale kama umewekewa yeye. Akauvuta.

Boneti ikaanguka.

Ilimkuta Spana mgongoni, ikamkandamiza kiwiliwili chote kwenye injini. Miguu yake ilirusharusha vumbi nje. Mtu akapanda juu ya boneti ileile apate kufikia kioo, viatu vyake viwili juu ya mgongo wa mtoto wa mtu. Ndani feni ilikuwa inazunguka, umbali wa shubiri moja kutoka usoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaifikia. Mama yake aliusikia mlio, tak, tak, tak, kama fimbo kwenye uzio, kisha yowe ambalo hakuwahi kulisikia tangu siku ya moto wa petroli.

Mzee wa Saa walimtoa kupitia dirishani. Shati lilibaki kwenye vioo. Alipofika chini alifunika kichwa kwa mikono, na mpini wa jembe, sasa uko mikononi mwa Bucha, ukashuka juu ya mikono ile.

"Watoto wako wapi?" Mpini. "Sema! Watoto wako wapi?" Mpini. "Umewauza wapi?"

"Saa," mzee alisema, kwa kuwa hakuelewa anaulizwa nini. "Natengeneza saa."

Teke likamkuta mdomoni. Kile kioo chake cha jicho kilikanyagwa kikawa unga.

"Si yeye!" Mama Spana alipiga kelele. "Jamani, nilikosea! Mwanangu yuko ndani ya injini!"

Nani amsikie? Bucha alimgeukia, uso unang'aa kwa jasho, na kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi akasema, "Kaa pembeni, mama! Tumempata! Ni yule wako wa Z!"

Yule wako. Maneno yale yalimpiga kuliko jiwe. Alijaribu kumvuta yule wa juu ya boneti, akapigwa kiwiko, akaanguka. Akiwa chini aliona upande wa dereva hauna mtu. Akatambaa, akafungua mlango, akaingia, akakaa juu ya vioo. Ufunguo hakuna. Basi akakumbuka: mzee akikanyaga, linakufa. Akaweka miguu yote miwili kwenye breki, akakanyaga kama anayeua nyoka.

Gari halikufa. Injini ilinguruma kwa utulivu, nzima, imetibiwa. Koleo lilikuwa bado limemkaba mwizi.

Kupitia kioo kilichopasuka akalia, "Spana! Mwachie mwizi! Mwanangu, mwachie mwizi!"

Walio karibu walisikia hilo vizuri kabisa.

"Anamtetea!" mwanamke mmoja akafoka. "Huyu ni mwenzake! Mwachie mwizi?"

Kiatu chenye kisigino kikamkuta mdomoni, jino likatoka. Mkono ukashika nywele zake, ukavuta kichwa chake dirishani. Ngumi ya sikio, ngumi ya jicho. Mama Spana hakuinua mkono kujikinga, kwa sababu mikono ilikuwa imeng'ang'ania usukani ili miguu isitoke kwenye breki. Walivunja kidole chake kimoja wakijaribu kumbandua. "Mwachie mwizi," aliendelea, damu ikimwagika kifuani. "Mwachie, mama yangu, mwachie."

Ndani ya giza la boneti Spana alimsikia. Kwa mkono wa kulia, uliobaki mzima, alipapasa katikati ya joto, akachoma kiganja kwenye bomba, akalipata koleo. Akalifyatua. Kisha akang'oa na mpira wenyewe.

Injini ikakohoa. Ikahema. Ikakata roho.

Kimya kilichofuata ndicho kilichowaokoa. Kelele ile ilikuwa imewashika watu wote, na ilipokatika kila mmoja alijisikia mwenyewe akihema. Yule wa juu ya boneti alitazama viatu vyake, maana kutoka chini yake sauti ilikuwa inasema, "Mkono wangu. Mama, mkono wangu."

Na kutoka ardhini, kwa sauti nyembamba ya mtu anayeona aibu kwa jambo alilolizoea, Mzee wa Saa akauliza:

"Limezima tena?"

Yule mtu akashuka kwenye boneti, wakainyanyua wawili, wakamwona Spana, wakaona feni ilivyokuwa nyekundu.

Mama Spana akatoka garini. Mdomo wake haukuwa mdomo tena.

"Mwizi ni mpira," alisema. "Mpira wa breki, una tundu. Ndiye aliyekuwa anaitwa mwizi. Na ile Z ni ya marehemu mke wake."

"Lakini si wewe uliyetuambia?" Bucha akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepotezwa njia.

"Ni mimi."

Watu wakaanza kupungua. Hakuna aliyekimbia, walipungua tu, mmoja kwa ukuta, mmoja kwa geti, mpaka uwanja ukabaki na vioo. Bucha alikuwa bado ameshika mpini wa jembe. Alitafuta pa kuuweka, akauegemeza kwenye ukuta kwa uangalifu, kama mali ya mtu. Kisha akamnyanyua Mzee wa Saa, akambeba mikononi hadi hospitali, akilia njia nzima, Mama Spana nyuma yake akimshikilia binti yake.

Spana alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto. Baada ya miezi miwili alirudi kazini, na kazi ya kwanza ilikuwa lile gari. Alikata kipande cha mpira mpya, urefu wa kiganja. Dawa yote ilikuwa hiyo. Siku hizi gari likisimama kwenye kona linatulia hivi kwamba mwenyewe hugusa boneti ajue kama linawaka.

Mzee wa Saa alipona, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia viliunga vibaya. Saa za watu zimejaa kwenye sanduku lake, kila moja na karatasi yenye jina. Mama Spana humwendea asubuhi, humshikia skrubu ndogo kama punje za mtama, na nyingi humdondoka. Siku ya kwanza alimweleza yote, foleni ya mashine, kona, duka. Mzee alifunga kifuniko cha saa aliyokuwa nayo.

"Ungeniuliza tu pale kwenye kona," alisema. "Ningekuambia."

Mwenye kusoma asome vizuri. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usimwage petroli kwenye injini inayowaka ili utafute tundu. Maji ya sabuni yanatosha.

Usibadili plagi wala kabureta kabla hujajua gari linazima wakati gani. Likizima ukikanyaga breki, angalia mpira wa breki kwanza.

Usiendelee kuliendesha hivyo. Mpira ukikatika kabisa, breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Usitegeshe boneti kwa mpini wa jembe.

Usiache swichi ambayo ufunguo wake unachomoka injini ikiwaka.

Usiinamie feni mtu mwingine akiwa karibu na boneti.

Usiite tundu mwizi. Liite tundu.

Usirushe jiwe kwa sababu mwenzako amerusha.

Usiitie alama habari ambayo hukuiona mwanzo na mwisho.

Ukijua umekosea, usingoje jioni. Usioshe vyombo kwanza.